UZI: "Bwana alinitupa" kwa Kiingereza utaandikaje? Nahitaji jibu kabla ya Jumatatu

MkalimaniBusia:
Habari zenu wana jukwaa. Nafanya ukalimani hapa Busia, upande wa Uganda, mara mahakamani, mara kwa maafisa wa ustawi wa jamii. Juzi nimepewa faili la mama mmoja ambaye maelezo yake yaliandikwa na mtu mwingine. Mama alisema kwa Kiswahili: "Bwana alinitupa na watoto watatu, tangu mwaka juzi." Mwandishi akaweka kwa Kiingereza: "My husband threw me and three children."

Threw! Kama mtu anavyorusha jiwe. Afisa aliyepokea faili akamuuliza mama aliumia wapi na fomu ya PF3 ya daktari iko wapi. Mama akajibu hakuna aliyemwumiza. Sasa faili linamwonyesha kama mtu anayegeuza maneno, na hajageuza neno hata moja. Imeniuma sana.

Kiingereza kina abandon, desert, forsake, dump, ditch, jilt, strand, leave in the lurch, na mengine. Lipi kati ya hayo linabeba "alinitupa"? Nisaidieni.

KijanaNtinda:
"He dumped me." Taka hutupwa, na dump ni mahali pa kutupa taka. Umemaliza.

MwlTororo:
Hapana, KijanaNtinda. Hiyo ni ya wachumba, mvulana anamwambia msichana basi, yameisha. Mama wa watoto watatu akiandikiwa "dumped" atasomwa kama binti aliyekosana na mpenzi wake chuoni. Jilt nayo ni ya uchumba, mtu aliahidiwa ndoa akaachwa kabla ya kufika kanisani.

Uzito uko kwenye "abandon" na "desert". Abandon imetoka Kifaransa cha zamani, à bandon, maana yake chini ya amri ya mtu. Ku-abandon kitu ilikuwa kukikabidhi kwenye mamlaka ya mwingine, kukiachia kabisa mkononi mwake. Neno "ban" ni la ukoo huohuo. Desert ni Kilatini, deserere: serere ni kuunganisha, na de- inafungua. Kwa hiyo ku-desert ni kubandua kilichokuwa kimeshikana. Mimi kwa mke na mume naona hilo la pili linafaa zaidi, maana ndoa ni kitu kilichounganishwa.

Angalizo kwa wote: desert yenye s moja. Wanafunzi wangu kila mwaka wanaandika "dessert", na hicho ni kitamutamu cha baada ya mlo, kutoka Kifaransa desservir, kuondoa vyombo mezani.

WakiliKijana:
Mwalimu yuko sahihi kwa sababu nyingine pia. Dada Mkalimani, kwenye sheria zetu neno ni "desertion". Sheria ya Talaka ya mwaka 1904, ambayo bado tunaitumia, inazungumzia desertion bila sababu ya msingi kwa miaka 2 au zaidi. Na Sheria ya Adhabu ina kosa la mzazi au mlezi mwenye uwezo ku-desert mtoto wa chini ya miaka 14 na kumwacha bila matunzo.

Kwa hiyo usipuuze yale maneno "tangu mwaka juzi". Muulize mwezi. Ile miaka 2 inaweza kuwa imetimia au imebaki wiki chache.

MkalimaniBusia:
Asante wakili. Mwezi haukuandikwa popote. Nitauliza.

AfandeMstaafu:
Salaam. Mimi nimetumikia jeshi miaka mingi na neno hili nalijua vizuri. Deserter kwetu ni mtoro. Alikula kiapo, akapewa sare na bunduki, kisha usiku mmoja kitanda kiko wazi. Wamarekani wanatofautisha: kwanza uko AWOL, yaani hupo na hukuruhusiwa, na ukipita siku 30 wanakuandika deserter. Tofauti ni nia. Aliyechelewa kurudi likizo siyo sawa na aliyeamua kutorudi.

Mume aliyeondoka akaacha watoto watatu nami namwita mtoro. Andika "deserted" bila woga.

MsomajiGulu:
Afande, kwa heshima zako zote, naomba nitie neno. Hapa kwetu kaskazini hilo neno halijakaa salama hivyo. Watoto walitekwa usiku na waasi, wakalazimishwa kubeba mizigo na bunduki, na waliofanikiwa kukimbia porini kuna watu waliwaita deserters. Huwezi kutoroka jeshi ambalo hukujiunga nalo. Baada ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, waliorudi wakaitwa "reporters", kwa kuwa walijiripoti. Hilo nalo lina baridi yake, lakini afadhali. Binamu yangu alikaa huko miaka minne. Nyumbani tunasema "aliyerudi", basi.

Nakubali litumike kwa mume huyo. Nimetaka tu ijulikane kwamba neno la kuacha hutazama kutoka upande mmoja. Daima ni upande wa aliyebaki na daftari la majina.

AfandeMstaafu:
Nimekusoma, mwanangu. Hilo la watoto ni kweli na sina la kupinga. Pole kwa binamu.

MamaWaJinja:
Nimesoma hadi hapa nikakumbuka yangu. Miaka ile nauza vitenge, nimekaa kwenye matatu Old Taxi Park nasubiri ijae. Msichana mdogo akaniomba: "Mama, nishikie mtoto kidogo nikanunue maji." Nikamshika. Kondakta akaanza kupiga kelele gari limejaa. Msichana haonekani. Nikashuka, gari likaondoka na mzigo wangu wa vitenge. Nilikaa pale na mtoto wa watu hadi saa kumi na mbili jioni, nikampeleka polisi mwenyewe, kwa miguu, analia njaa.

Nilimchukia yule msichana kwa wiki nzima. Kisha nikaanza kumwota. Alikuwa na viatu vya shule.

Waingereza wana neno la hilo?

MwlTororo:
Pole mama. Wanalo, na ni hilohilo lako: "left holding the baby". Umeachwa umeshika mtoto. Hutumika mtu akibebeshwa jukumu ambalo wenzake wamelikimbia. Wamarekani husema "holding the bag", umeachwa na mfuko.

MamaWaJinja:
Mimi niliachwa na mtoto, na mfuko ndio ulioondoka.

KijanaNtinda:
Mama pole sana. Nami nina swali. Hiyo "left in the lurch" ya kwenye swali la kwanza, lurch ni kitu gani? Nimesikia ni mlango wa uwanja wa kanisa, ule wenye paa ambapo jeneza lilikuwa linasubiri padri. Bibi harusi anafika, bwana hayupo, anabaki kwenye "lych". Ndipo ikawa lurch.

MwlTororo:
Hadithi hiyo ni tamu na imezagaa, ila lych ni neno la Kiingereza cha kale kwa maiti. Mlango huo ni wa wafu, na mabadiliko ya sauti kutoka lych hadi lurch hayana ushahidi. Maelezo yenye nguvu ni mchezo. Kulikuwa na mchezo wa Kifaransa, lourche, wa karne ya 16, unaofanana na ule wa kete na ubao wanaouita backgammon. Aliyeachwa nyuma kwa pointi nyingi hata hana namna ya kufikia alikuwa "in the lurch". Ni sawa na kwenye mweso wenzako wameshakula mbegu zako zote nawe bado umekaa.

MwendaMalaba:
Mimi ni dereva wa malori, na nimewahi kuwasikia mabaharia pale Mombasa wakisema meli "ina-lurch" inapoyumba ghafla. Mtu anaanguka, wenzake wanashika kamba. Kwa nini isiwe hiyo?

MwlTororo:
Hiyo ni lurch nyingine. Ya kuyumba inaonekana kwenye maandishi karne ya 18, wakati ya kuachwa ilishaandikwa karne ya 16.

MwendaMalaba:
Kuandikwa na kusemwa ni vitu viwili, mwalimu. Mabaharia wangapi wa zamani walijua kuandika?

BintiBombo:
Hapo MwendaMalaba amekushika, mwalimu. Sisi Wanubi wa Bombo tuna maneno yamesemwa miaka zaidi ya mia na hakuna kamusi iliyoyaona hadi juzi.

MwlTororo:
Nakubali hoja hiyo kwa ujumla. Kwa neno hili bado naamini mchezo.

MvuviKalangala:
Habari kutoka visiwani. Naona hamjasema jambo moja. Waingereza ni watu wa bahari, na maneno yao ya kuacha mtu yana maji ndani. Strand ni ufuo. Meli ikipanda mchangani ikashindwa kutoka imekuwa stranded, na hata ile barabara ya London iitwayo Strand ilikuwa ukingo wa mto Thames. "High and dry" ni chombo ambacho maji yamekikimbia. "Jump ship" ni baharia anayeshuka bandarini na harudi. "Maroon" ni kumshusha mtu kisiwani mkaondoka.

Nasi tulio majini tuna kutosa. Kumtosa mtu leo ni kumwacha, asili yake ni kumzamisha majini. Nimewaona watu walioachwa kisiwani kweli: injini imekufa, mwenye boti amekwenda "kuleta fundi" bara, siku ya tatu bado. Unakula mukene, yaani dagaa, bila chumvi ukiangalia maji. Ukishayaona hayo, hutasema stranded ni neno la mafumbo.

KabaleKwetu:
MvuviKalangala umenigusa. Kwetu ziwa Bunyonyi kuna kisiwa kidogo kiitwacho Akampene. Watalii wanapelekwa kwa mtumbwi kukiona, mti mmoja na nyasi. Zamani msichana wa Kikiga akipata mimba kabla ya kuolewa alipelekwa pale akaachwa afe kwa njaa au azame akijaribu kuogelea. Wengi hawakujua kuogelea. Mwanaume asiye na ng'ombe wa mahari aliweza kwenda na mtumbwi akamchukua awe mkewe. Mambo haya yaliendelea hadi karne ya 20.

Waelekezi wa watalii wanakiita "Punishment Island". Punishment ni adhabu. Mimi nauliza: nani aliadhibiwa, na yule aliyempa mimba alikuwa wapi siku hiyo? Neno lilipaswa kuwa abandon, au hata zito zaidi.

MamaWaJinja:
Ee Mungu. Viatu vya shule.

BintiBombo:
KabaleKwetu, asante kwa kutuambia. Kuhusu maroon nina sahihisho dogo. Neno limetoka Kihispania cimarrón, mnyama wa kufugwa aliyekimbilia porini, likapitia Kifaransa. Maroons wa Jamaica walikuwa watumwa waliotoroka wakajenga vijiji vyao milimani. Kwa hiyo mwanzoni neno lilimtaja anayeacha, baadaye likageuka kuwa anayeachwa. Ile rangi ya maroon ni jambo jingine, ni marron, tunda la Kifaransa lenye rangi ya kahawia.

Na yule baharia Mskoti, Alexander Selkirk, aliyeishi peke yake kisiwani mbali na pwani ya Chile kuanzia 1704 hadi 1709, aliomba mwenyewe kushushwa! Aligombana na nahodha kwamba meli ni mbovu. Meli ilipoanza kuondoka akajuta, nahodha akakataa kumrudisha. Kweli meli ikaja kuzama. Sasa huyo aliachwa au aliacha?

AfandeMstaafu:
Aliacha kituo chake. Lakini nahodha alipokataa kumrudisha, naye aliacha askari wake. Makosa mawili.

MzeeWaMbale:
Nitoke kidogo nje ya njia. Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Nilikuwa kijana, jirani yetu mwenye duka la nguo alitukabidhi mbwa wake. Baadaye ikaundwa bodi ya serikali ya kusimamia majengo yao, na jina lake kwa Kiingereza lilisema "Departed Asians". Departed! Kana kwamba waliamka wakaamua kusafiri. Neno hilohilo Waingereza hulitumia kwa marehemu. Aliyefukuzwa anaandikwa ameondoka, mama wa Busia aliyeachwa anaandikwa amerushwa. Karani mwenye kalamu ana nguvu kubwa sana katika nchi hii.

MkalimaniBusia:
Mzee, hilo la mwisho nimelinakili kwenye daftari langu la kazi.

KijanaNtinda:
Na mbwa, mzee?

MzeeWaMbale:
Aliishi nasi miaka mitano. Kila jioni alikwenda kulala mlangoni kwa lile duka.

MwendaMalaba:
Turudi kwa Kiswahili. Tunaposema "ameachwa kwenye mataa", mataa hayo ni yapi? Mimi najua ni taa za barabarani. Mlikuwa mnakwenda pamoja, taa nyekundu ikakusimamisha, mwenzako akapita.

BintiBombo:
Nilifundishwa ni taa za ukumbini. Muziki umekwisha, taa zimewashwa, uliyekuja naye hayupo, na kila mtu anakuona.

MwendaMalaba:
Na "kuachwa solemba" ya Watanzania?

MwlTororo:
Hiyo waulizwe wenyewe, na wakijibu watakuwa watatu wenye majibu manne. Mimi nataka tuhifadhi "kutelekeza", maana ndilo neno rasmi, na hapa Uganda linaharibiwa. Kutekeleza ni kutimiza, kutelekeza ni kuacha bila matunzo. Silabi mbili zimebadilishana viti na maana imepinduka.

KijanaNtinda:
Nimeona bango la ofisi moja: "Tumetelekeza ahadi zetu zote kwa wananchi." Nilidhani wamekiri.

MvuviKalangala:
Mimi nadhani kutelekeza kumetoka kwenye kuteleka. Umeteleka chungu jikoni, ukaondoka, chakula kikaungua.

MwlTororo:
Inavutia, na umbo la neno linaruhusu. Ila kuteleka ni mwanzo wa kupika, siyo kuondoka. Ningetaka kuona maandishi ya zamani kabla ya kukubali.

BintiBombo:
Mwalimu na maandishi yake!

DadaWaMasaka:
Waganda nasi tunalo: okunoba. Ni mke anayemwacha mume, anafunga nguo zake na kwenda kwao au kwa ssenga, yaani shangazi. Mara nyingi anatarajia mume amfuate, aje na maneno mazuri, wazee wakae. Kwa Kiingereza wataandika "she deserted her husband" na itakuwa uongo. Kunoba kuna mlango wa kurudi, desertion haina. Wakili, mwanamke akinoba wiki mbili kwa sababu ya kipigo, je, ni desertion?

WakiliKijana:
Hapana. Ana sababu ya msingi, na aliyempiga ndiye anayeweza kuhesabiwa kuwa amevunja nyumba, hata kama hajatoka mlangoni.

KijanaNtinda:
Na "ghosting"? Mtu anaacha kupokea simu tu, hakuna maelezo. Kamusi ya Merriam-Webster ililiingiza 2017. Sisi tuna "kuingia mitini".

MwendaMalaba:
Na kula kona. Waingereza wakiondoka bila kuaga husema wamechukua "French leave", na Wafaransa kwa tendo hilohilo husema "filer à l'anglaise", kuondoka Kiingereza. Kila mmoja anamsukumia jirani. Nilielezwa na Mkongo pale Bunagana.

MkalimaniBusia:
Nimerudi. Leo nilikaa na mama kwa muda wa karibu saa mbili nzima. Sikumchagulia neno, nilimweleza kila moja kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye desert, nikamwambia ni kama kutoroka. Akatikisa kichwa. "Hakutoroka. Aliaga. Alisema anakwenda Juba kwa kazi, akanipa elfu ishirini, akambeba mdogo hadi barabarani. Alipiga simu miezi minne. Kisha namba ikawa haipatikani." Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka juzi.

Nikamuuliza basi lini alikutupa. Akasema: "Siku niliyosikia kwamba yuko Elegu, ana nyumba na mtu mwingine." Hiyo ni mwezi wa kumi.

WakiliKijana:
Hapo pana jambo kubwa. Desertion inahitaji vitu viwili: kutengana, na nia ya kutorudi. Mtu anaweza kuondoka kwa wema na nia ikaja baadaye, na hesabu huanzia vyote viwili vinapokutana. Ukihesabu tangu mwezi wa pili miaka 2 imepita. Ukihesabu tangu wa kumi bado. Andika tarehe zote mbili, usimchagulie. Na dai la matunzo ya watoto halisubiri miaka 2, lifunguliwe sasa.

AfandeMstaafu:
Siku simu ilipozimwa. Hapo ndipo alipotoka kambini.

MsomajiGulu:
Au simu iliibwa Juba. Nia haionekani kwenye namba isiyopatikana.

DadaWaMasaka:
Simu ikiibwa, Elegu ni mpakani tu. Mabasi yapo.

MzeeWaMbale:
Kwa nini lisiandikwe neno lake mwenyewe? Katiba ilirekebishwa 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili.

WakiliKijana:
Itumike kwa namna Bunge litakavyoweka kwa sheria, mzee. Mahakamani bado kumbukumbu ni za Kiingereza. Lakini hakuna kinachozuia maneno yake kunukuliwa kwa Kiswahili ndani ya alama za nukuu, tafsiri ikafuata.

MkalimaniBusia:
Mama ndivyo anavyotaka. "Andika alinitupa, halafu hao waandike Kizungu chao pembeni." Tumekubaliana: "alinitupa", kisha "he deserted me and the children", kisha tarehe mbili, na maelezo kwamba hakupigwa. Jumatatu saa tatu asubuhi naenda naye. MamaWaJinja ameniandikia pembeni kwamba atatuma nauli ya mama. Asante mama.

MamaWaJinja:
Nauli na maziwa ya mdogo. Usimwambie ni nani.

MwlTororo:
Kabla hajatia dole gumba, liangalie lile neno mara ya mwisho. Hesabu s. Ni moja.